Jinsi ya kumchagulia mpendwa wako makao ya kutunza wanaopoteza kumbukumbu: mwongozo kamili

Familia nyingi zinazoniomba ushauri zimekwama mahali pamoja. Walimtafutia mama au baba makao, wakaenda kuyaona mara moja asubuhi, wakapokelewa vizuri, wakalipa. Baada ya miezi mitatu wanaambiwa wamwondoe kwa sababu hali yake imewashinda wahudumu, au wanamwondoa wenyewe kwa sababu amekonda na hakuna anayeweza kuwaeleza kwa nini. Kumhamisha mtu mwenye demensia mara ya pili ni kumpoteza njia upya. Choo alichokwisha kukizoea na sura alizokwisha kuzitambua vyote vinafutika.

Hawa si watu wazembe. Tatizo ni kwamba walichagua wakiwa na saa nzuri ya mgonjwa kichwani, na wakayaona makao katika saa yake nzuri pia. Mwongozo huu unakwenda kinyume. Kwanza utaitafuta saa mbaya ya mtu wako, kisha utatafuta makao yanayoiweza saa hiyo.

Neno demensia nitalitumia kwa magonjwa yote yanayokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, Alzheimer ikiwemo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kupiga simu hata moja

- Ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa, hatua uliyofikia, na maradhi mengine kama kisukari au shinikizo la damu.
- Orodha ya dawa zote: jina, kipimo na saa ya kumeza, pamoja na zile anazojinunulia mwenyewe.
- Daftari moja na kalamu. Kazi yake utaiona katika hatua ya 2.
- Kitambulisho chake, wosia kama upo, na hati inayompa mtu mmoja mamlaka ya kisheria ya kuamua kwa niaba yake.
- Hesabu ya fedha: kinachoingia kila mwezi, akiba, mali inayoweza kuuzwa, na kila ndugu anachangia kiasi gani. Andika kile wanachotoa, si kile walichoahidi.
- Ukurasa mmoja wa maisha yake: jina analopenda kuitwa, kazi aliyofanya, watu anaowataja, nyimbo, ibada, namna anavyolala, kinachomtisha.
- Mtu wa kufuatana naye. Wewe utasikiliza na kuuliza, yeye atatazama.

Tenga wiki sita hadi nane ukiweza. Ikiwa hospitali inamruhusu kesho na nyumbani hawezi kurudi, omba makao yampokee kwa muda mfupi, wiki mbili au mwezi, huku ukiendelea kutafuta. Usisaini mkataba wa kudumu ukiwa umesimama kwenye korido ya wodi.

## Hatua ya 1: Jua anaumwa nini hasa

Alzheimer inachangia takriban asilimia 60 hadi 70 ya demensia zote, lakini haiko peke yake. Kuna demensia ya mishipa ya damu, inayoletwa na kiharusi kikubwa au viharusi vidogo vidogo vilivyorundikana. Kuna demensia ya Lewy, inayokuja na mwili kukakamaa, kuona vitu visivyokuwepo na usingizi wa vurugu. Kuna pia ile ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo mara nyingi huanza kabla ya miaka 65 na kuharibu tabia au lugha kabla haijagusa kumbukumbu.

Tofauti hizi zinaamua makao. Mtu mwenye demensia ya Lewy anaweza kudhurika vibaya, hata kufa, akipewa baadhi ya dawa za kutuliza akili kama haloperidol, hivyo makao yasiyojua anaumwa nini ni hatari kwake tangu usiku wa kwanza. Mwenye ugonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo anaweza kuwa na miaka 58, mwenye nguvu, anayetembea kutwa nzima. Ukimweka katika nyumba ya wazee wa miaka 85 wanaokaa vitini, yeye na wao wote watateseka.

Mwulize daktari pia kama amekwisha kupima tezi ya thairoidi na vitamini B12, na kama amefikiria sonona au athari za dawa. Hivi vyote huweza kuvuruga kumbukumbu, na vingi vinatibika.

Onyo: Mtu akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usidhani demensia imesonga mbele. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya. Mpeleke hospitali. Usichague makao wiki hiyo, kwa sababu utakuwa unamchagulia mtu ambaye siye.

Umefaulu ukiweza kumweleza mgeni kwa sentensi moja: ugonjwa gani, umefika wapi, na daktari anatarajia nini mwaka ujao.

## Hatua ya 2: Andika daftari la siku 14

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua mengine yote.

Kila siku andika mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Mbele ya kila jambo weka neno moja kati ya haya: mwenyewe, kukumbushwa, kushikwa, kufanyiwa. Katika makao mengi, kutoka "kukumbushwa" kwenda "kushikwa" ni kupanda daraja la ada, kwa hiyo usiandike kwa kukisia.

Kisha andika saa. Alianza kuhangaika saa ngapi? Nini kilitangulia? Nini kilimtuliza? Wengi huchafukwa kuanzia alasiri, mwanga unapopungua. Anatafuta mlango, anadai kurudi kwao, anamwita mama yake aliyekwisha kufariki, anamshuku mtu kwa wizi. Hafanyi ukaidi. Ubongo umechoka, vivuli vinamdanganya macho, na saa ya ndani ya mwili imevurugika. Wengine saa yao mbaya ni saa tisa usiku. Wengine ni dakika 20 za kuoga tu, na siku nzima iliyobaki ni shwari.

Safu ya "nini kilimtuliza" ni dhahabu. Shangazi yangu aliitwa mkorofi wa bafuni kwa karibu mwaka mzima, hadi binti yake alipogundua kwamba kilichomtisha ni maji ya bomba la mvua kumpiga kichwani. Alipoogeshwa kwa beseni na kitambaa, kuanzia miguuni, mabega yakiwa yamefunikwa taulo, ugomvi uliisha. Nilipowauliza wahudumu wa makao matatu wangefanyaje na mtu kama yeye, ni mmoja tu aliyeniuliza kwanza: "Anaogopa nini?"

Onyo: Usimpambe. Ukificha kwamba baba anapiga au anatoroka, makao yatagundua ndani ya wiki mbili na yatakuwa na haki ya kusema yalidanganywa. Aibu unayoiogopa hao wahudumu wanaifahamu. Hakuna utakaloandika ambalo hawajawahi kuliona.

Umefaulu ukiweza kumalizia sentensi hii: "Saa yake mbaya ni ..., huanza kwa ..., na humtuliza ..."

## Hatua ya 3: Amua aina ya makao

Majina hubadilika, ila kwa ujumla kuna aina tatu.

*Makao yenye msaada wa kila siku* yanamfaa anayehitaji kukumbushwa dawa, kupikiwa, kufuliwa na kushikwa mkono kidogo. Ana chumba chake na milango huwa wazi. Mhudumu hupita mara chache kwa siku.

*Kitengo cha kumbukumbu* kimejengwa kwa ajili ya demensia: milango inalindwa, siku ina utaratibu, wakazi ni wachache kwa kila kundi, na wahudumu wamefundishwa ugonjwa wenyewe.

*Nyumba ya uuguzi* ina wauguzi usiku na mchana. Ni ya mwenye vidonda vinavyohitaji kufungwa, mrija wa chakula, oksijeni, au asiyeinuka kitandani.

Pima kwa saa mbaya. Baba anayekusalimu vizuri mchana na kukujibu kwa akili timamu, lakini saa nane usiku anafungua mlango akaende kazini, hafai kuwekwa kwenye makao ya aina ya kwanza. Familia nyingi huchagua aina hiyo kwa sababu haiumi sana kuitamka. Najua uchungu huo. Lakini hapo ndipo wanapoambiwa wamwondoe baada ya miezi mitatu.

Makao yenye aina zote tatu katika eneo moja yanavutia, na yana faida. Uliza jambo moja tu: akihitaji kuhamia kitengo kinachofuata, nafasi yake ina uhakika, au atasubiri foleni kama mtu wa nje?

Onyo: "Tunapokea wenye demensia" si sawa na "tunatunza demensia." Waulize ni nini wanachokifanya tofauti kwa hao. Wakikujibu kwa kukuonyesha mlango unaofungwa, endelea kutafuta.

## Hatua ya 4: Maliza sheria na fedha kabla ya kutembelea

Kuwa na demensia si kukosa uwezo wa kuamua. Mtu anaweza kushindwa kuhesabu chenji na bado akajua vizuri nani anamwamini. Ndiyo maana hati ya kumpa mtu mamlaka isainiwe mapema, mbele ya mwanasheria, wakati bado anaelewa anachosaini. Akishapita hapo, njia iliyobaki kwa kawaida ni mahakama, nayo ni ndefu na ya gharama.

Siku hiyo hiyo mwulize mambo ambayo hakuna anayependa kuyauliza. Akiugua sana apelekwe hospitali kila mara, au aachwe apumzike? Nani asiamue kwa niaba yake? Andika majibu yake kwa maneno yake.

Fedha sasa. Bili huwa na tabaka tatu: ada ya msingi ya chumba na chakula, ada ya daraja la utunzaji, na nyongeza kama nepi za watu wazima, usimamizi wa dawa na usafiri wa kwenda kliniki. Bei unayotajiwa kwenye simu mara nyingi ni tabaka la kwanza tu. Omba uone bili halisi ya mkazi mwenye hali kama ya mtu wako, jina likiwa limefutwa. Uliza ada ilipanda mara ngapi katika miaka mitatu iliyopita, na kwa kiasi gani.

Kisha piga hesabu kwa daraja moja juu ya alilo nalo leo, kwa sababu atalifikia. Wengi wenye Alzheimer huishi miaka minne hadi minane baada ya ugonjwa kutambuliwa, na wapo wanaofika hata 20. Makao unayoweza kuyalipia mwaka mmoja tu ni safari ya kuhama iliyoahirishwa.

Ndugu wakae kikao kimoja na wamchague msemaji mmoja. Makao yakipokea maagizo kutoka kwa watoto wanne, yatamsikiliza anayepiga kelele zaidi.

## Hatua ya 5: Punguza orodha kwa simu

Anza na makao sita au saba, ubaki na matatu. Maswali ya simu ni mafupi: Mna leseni ya kutunza demensia, na nani anawakagua? Nafasi ipo? Mnamudu vipi mtu mwenye tabia hii? Hapa taja saa yake mbaya bila kupunguza.

Pale ripoti za ukaguzi zinapotolewa kwa umma, zisome. Kosa moja halinitishi. Linalonitisha ni kosa lile lile kurudi katika ripoti mbili mfululizo, hasa likihusu dawa, idadi ya wahudumu au watu kuanguka.

Umbali una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mimi niko radhi kuacha jengo zuri lililo saa mbili mbali na kuchukua la wastani lililo dakika 20, kwa sababu mkazi anayetembelewa mara kwa mara, kwa saa zisizotabirika, ana macho ya pili yanayomlinda.

## Hatua ya 6: Tembelea mara mbili, na mara ya pili iwe saa mbaya

Ziara ya kwanza iwe ya miadi, mchana. Usitumie muda mwingi ukumbini. Viti vya ngozi, maua na rangi mpya havimwogeshi mtu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tazama jengo kwa macho ya mwenye demensia. Sakafu inayong'aa humwonekea kama maji, na zulia jeusi mlangoni humwonekea kama shimo, kwa hiyo atagoma kulikanyaga au ataruka na kuanguka. Mlango wa choo uwe na rangi tofauti na ukuta, na choo kionekane kutoka kitandani ikiwezekana, kwa kuwa asichokiona anasahau kwamba kipo. Sahani zipishane rangi na meza. Mwanga uwe mwingi, usio na vivuli.

Kisha tafuta pa kutembea. Anayezunguka hajakosa adabu. Mwili wake unataka kwenda. Kule Uholanzi, mjini Weesp, kuna kijiji cha Hogeweyk ambako wakazi wenye demensia huishi katika nyumba ndogo za watu sita au saba na kutembea kwa uhuru katika njia na bustani ndani ya mipaka ya kijiji. Si lazima upate kijiji kizima. Bustani moja yenye uzio na njia inayozunguka na kurudi ilipoanzia inatosha, mradi mlango wake uwe wazi. Usiulize kama bustani ipo. Uliza nani alitoka leo.

Harufu ya mkojo mahali pamoja ni ajali ya asubuhi hiyo. Ikiwa jengo zima linanuka, watu wanaachwa wamelowa. Na harufu kali ya manukato kila kona nayo ijaribu: ingia chumba cha mwisho wa korido.

Ziara ya pili iwe katika saa ile uliyoiandika kwenye daftari. Kama ni jioni, fika saa kumi na moja na nusu, bila miadi, au piga simu ukiwa njiani. Makao yanaweza kukuomba usubiri kidogo kulinda faragha ya wakazi, na hilo ni haki. Yakikataa kabisa mgeni wa jioni, hayo si ya kwako.

Kaa kimya mahali pamoja dakika 45. Hesabu wahudumu wanaoonekana, kisha wakazi. Mtu akiita "nesi! nesi!", anza kuhesabu dakika. Anayejibu anafika mbele yake, anainama hadi usawa wa macho na kumwita jina, au anapiga kelele kutoka mbali? Wakati wa chakula angalia anayelishwa. Mhudumu amekaa au amesimama? Anasubiri ameze kabla ya kijiko kinachofuata? Mkazi amekaa wima? Hili si suala la adabu tu. Chakula kinachoingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia ni miongoni mwa sababu kuu za kifo kwa wenye demensia iliyokomaa.

Mwenzako atazame mambo madogo: kucha, miwani safi, meno ya bandia yakiwa mdomoni, vifaa vya kusikia vikiwa masikioni. Tazameni pia kama kuna waliosinzia wote kwa pamoja saa ambayo si ya kulala.

Onyo: Usimpeleke mgonjwa katika ziara hizi kama mambo mapya humvuruga. Mpeleke mara moja tu, mahali ulipokwisha kupachagua, kwa muda mfupi, katika saa yake nzuri.

Umefaulu ukiwa umeiona saa mbaya ya makao yenyewe, umeona wanavyoipita, na bado unaweza kumfikiria mtu wako pale bila kuumwa tumbo.

## Hatua ya 7: Uliza maswali ambayo hayana jibu la kukariri

Uliza meneja, kisha uliza swali lile lile kwa mhudumu wa zamu. Majibu yakipishana, mwamini mhudumu.

"Mama akigoma kuoga, mtafanyaje?" Jibu zuri ni kumwacha, kurudi baada ya nusu saa, kubadilisha mtu au njia. Jibu baya ni "atazoea." Baya zaidi ni dawa.

"Usiku ni wahudumu wangapi walio macho, na kwa wakazi wangapi?" Taka namba ya jana usiku, si ya kwenye ratiba.

"Wangapi wameacha kazi mwaka huu?" Mwenye demensia hawezi kueleza anachopenda. Anategemea mtu anayemjua, na makao yanayobadilisha watu kila mwezi hayana anayemjua.

"Ni wakazi wangapi wanaotumia dawa za kutuliza akili, na nani anazipitia upya?" Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito liwekwe kwenye kundi jipya la dawa hizi, kwa sababu zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 ikalipanua hadi zile za zamani. Wakati mwingine zinahitajika, mtu anapokuwa hatari kwake au kwa wengine. Lakini zisitumike kuziba pengo la wahudumu. Unataka kusikia kipimo kidogo, tarehe ya kuzipitia upya, na familia kuarifiwa kabla ya kidonge cha kwanza.

"Akianguka saa nane usiku, nitajulishwa lini?" Na uliza kuhusu vizuizi vya kitanda na kufungwa kitini. Vizuizi huonekana kama usalama, ilhali mtu hupanda juu yake na kuanguka kutoka mbali zaidi, au hubanwa katikati.

"Milango ikifungwa kwa namba ya siri, moto ukitokea inafunguka vipi?" Jibu liwe la haraka.

Swali la mwisho ndilo langu kuu: "Kitu gani kitawafanya mniambie nimwondoe?" Makao yenye uaminifu yatakutajia waziwazi. Mengine yatasema hilo halijawahi kutokea. Ongeza pia: "Anaweza kumalizia maisha yake hapa?"

Umefaulu ukiwa na majibu yenye mifano. Mtu anayeijua kazi hii hawezi kuzungumza dakika tano bila kukusimulia kisa cha mkazi mmoja, bila kumtaja jina.

## Hatua ya 8: Soma mkataba nyumbani

Uchukue, ulale nao angalau usiku mmoja, na mwanasheria auone kama unaweza kumlipa. Vipengele vya kusoma mara mbili ni vichache.

Masharti ya kumwondoa mkazi: sababu ni zipi, na unapewa notisi ya siku ngapi? Sababu pana kama "mahitaji yakizidi uwezo wetu" itakiwe kuandikwa kwa mifano, ukilinganisha na jibu ulilopewa katika hatua ya 7.

Kupandisha daraja la ada: nani anapima, na unaweza kupinga?

Akilazwa hospitali: chumba kinatunzwa siku ngapi, kwa malipo gani? Akifariki: ada inakoma lini, na amana inarudi lini?

Saini yako: hakikisha unasaini kama mwakilishi wake, unayelipa kwa fedha zake. Kuna mikataba inayokufanya mdhamini, ukabeba deni kwa mali yako mwenyewe bila kujua. Na kipengele cha kuacha haki ya kwenda mahakamani, omba kifutwe.

Ahadi yoyote ya mdomo iandikwe. Kama meneja alisema mama ataogeshwa kwa beseni na kitambaa, liwemo katika mpango wa utunzaji.

## Hatua ya 9: Mjaribu kwa muda mfupi

Makao yakikubali, mpeleke wiki mbili hadi nne kabla ya kufunga mkataba wa kudumu. Siku tano za mwanzo hazihesabiki. Karibu kila mtu huvurugika. Tazama kinachotokea baada ya hapo. Analala? Anakula? Kuna mhudumu hata mmoja ambaye uso wake unamfanya atulie?

## Hatua ya 10: Siku ya kuhamia na wiki sita za kwanza

Hamia katika saa yake nzuri. Chumba kiwe kimeshatandikwa kabla hajafika: shuka zake, kiti chake, picha zenye majina makubwa chini yake. Nguo zote ziwe na jina. Ule ukurasa wa maisha yake ubandikwe ndani ya mlango wa kabati, ambapo mhudumu wa zamu ya usiku ataukuta.

Watu huniuliza wamwambie nini. Usimtangazie wiki mbili kabla, kwa kuwa ataibeba hofu na kusahau sababu. Wala usimwambie uongo mkubwa kwamba mnarudi jioni. Sema kilicho kweli na kifupi: "Daktari anataka upate watu wa kukusaidia, nami nitakuja." Akisema "nataka kwenda nyumbani", usimweleze kwamba nyumba imekwisha kupangishwa. Mwulize nyumbani kuna nini. Mara nyingi anatafuta usalama, au mtu, na mazungumzo hayo yanampa sehemu ya alichokitafuta.

Ukiondoka usiage kwa kirefu. Ondoka wakati wa chakula au shughuli, mhudumu akiwa amekaa naye. Utalia garini. Karibu kila mtu hulia, na hakumaanishi kwamba umekosea.

Katika wiki sita hizo tembelea kwa saa tofauti, na mara mbili iwe saa yake mbaya. Omba apimwe uzito siku ya kwanza na kila wiki. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, ni jambo la kuita daktari bila kusubiri. Mvue soksi uangalie visigino, na uombe kuona kiunoni na mgongoni chini, ndipo vidonda vya kulala huanzia. Wekundu usiofifia ukiubonyeza ndiyo dalili ya mwanzo.

Kuna mambo ya kulalamikia na mambo ya kuhama. Nguo kupotea, chakula kupoa, na mhudumu mmoja mwenye haraka ni vya kulalamikia: andika tarehe, mwone meneja, mpe wiki mbili. Michubuko isiyo na maelezo, dawa mpya bila wewe kuambiwa, kidonda kilichofichwa, au mtu wako kujikunja kila mhudumu fulani anapokaribia, hayo yapeleke kwa meneja na kwa mamlaka ya ukaguzi siku hiyo hiyo, na uanze kutafuta pengine.

Ukilazimika kuhama, rudi hatua ya 2 na ufungue daftari jipya. La zamani usilitegemee, kwa sababu saa yake mbaya huenda imehama pia.